Ruzuku ya California ya kukinga nyumba na moto wa nyika: kazi safi, foleni ndefu

Huduma ninayoitathmini hapa ni Mpango wa California wa Kupunguza Madhara ya Moto wa Nyika, unaofahamika huko kwa herufi zake CWMP. Kwa ufupi ni ruzuku: serikali humlipia mwenye nyumba gharama za kubadilisha paa, matundu ya hewa, kuta na mazingira ya karibu ya nyumba yake ili isishike moto kirahisi, na kiwango cha juu kilichotangazwa ni dola 40,000 kwa nyumba moja. Unaendeshwa kwa ubia wa idara mbili za jimbo, ile ya huduma za dharura iitwayo Cal OES na ile ya misitu na zimamoto iitwayo CAL FIRE. Sheria iliyouzaa, AB 38, ilitungwa na mbunge wa jimbo Jim Wood na ikatiwa saini na Gavana Gavin Newsom mwezi Oktoba 2019, wakati msiba wa mji wa Paradise ulikuwa bado mbichi. Moto ulioitwa Camp Fire ulikuwa umeupitia mji huo tarehe 8 Novemba 2018, ukaua watu 85 na kuteketeza majengo zaidi ya 18,000.

Naandika nikiwafikiria zaidi wasomaji wa Kiswahili waliohamia Marekani na kununua nyumba. Wengi ninaowafahamu hawakununua karibu na bahari, kwa sababu bei za huko hazishikiki. Walisogea ndani, kuelekea vilima na vichaka, ambako nyumba ya vyumba vitatu bado inapatikana kwa mshahara wa kawaida na ambako ramani za hatari ya moto zimejaa rangi nyekundu. Mtu wa namna hiyo akisikia kwamba serikali inatoa dola 40,000, swali lake la kwanza ni la haki kabisa: je, na mimi nitapata? Kwa walio wengi jibu ni hapana, angalau si sasa. Sehemu kubwa ya tathmini hii ni kueleza sababu zake, na kueleza pia kwa nini mpango huu unafaa kufuatiliwa hata na yule ambaye hatapata senti yake.

Hukumu yangu ni kwamba kwa kazi inayofanyika juu ya nyumba yenyewe, sijaona mpango wa serikali uliofikiriwa vizuri kuliko huu, na kwa namna kazi hiyo inavyomfikia mwananchi, ni vigumu kupata huduma inayokwenda polepole kuliko hii. Mambo hayo mawili hayakukutana kwa bahati mbaya. Uamuzi uleule unaoufanya mpango uwe mzuri, yaani kuitengeneza nyumba nzima badala ya kipande kimoja kimoja, ndio unaoufanya uhitaji fedha nyingi. Fedha nyingi zikaufunga kwenye mfuko wa serikali ya shirikisho. Na mfuko huo hauachii dola yoyote kabla ya kila nyumba kupita kwenye ukaguzi wa sheria zilizotungwa kwa ajili ya mabwawa na barabara kuu.

Kwanza nieleze uzuri wake, maana bila kuelewa jinsi nyumba inavyoungua mtu hawezi kupima kama fedha hizi zinatumika vizuri. Watu wengi hudhani kwamba nyumba huteketea kwa sababu ukuta wa miali umeifikia na kuimeza. Jack Cohen, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani aliyefanya kazi Missoula, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba mara nyingi sivyo. Upepo huinua vijinga vya moto, vipande vya magome na matawi yanayowaka, na kuvirusha mbele ya moto wenyewe, wakati mwingine umbali wa kilomita kadhaa. Vijinga hivyo hutua juu ya paa, kwenye mifereji ya maji ya mvua, chini ya baraza la mbao, kwenye kapeti la mlangoni. Moto mkubwa unaweza kuwa bado uko upande wa pili wa kilima wakati nyumba imekwisha kuanza kuungua kutoka ndani. Msomaji aliyekulia Lamu au Pate hahitaji maelezo marefu hapa: anajua kwamba kijinga kimoja kikitua juu ya makuti, majirani wote wako hatarini. Nyumba ya California yenye paa la vipande vya mbao za mwerezi ni makuti yaleyale, ila yamepangwa kwa misumari.

Hivyo basi, kitu muhimu kuliko vyote katika orodha ya kazi za mpango huu ni kitu kidogo ambacho mwenye nyumba hakitazami hata mara moja kwa mwaka, nacho ni tundu la hewa la darini. Nyumba za mbao za Marekani hupumua kwa matundu yaliyo chini ya upenu, kwenye pembetatu ya ukuta chini ya paa, na karibu na msingi. Yamefunikwa kwa wavu, na katika nyumba za zamani wavu huo una macho ya upana wa milimita 6 hivi, ambayo yanazuia panya na popo lakini hayazuii kijinga cha ukubwa wa punje ya mahindi. Kijinga kikipenya, kinaangukia juu ya vumbi, pamba ya kuhifadhi joto, na masanduku ya nguo za zamani ambayo kila familia huyarundika huko juu. Hakuna anayekiona. Kanuni za ujenzi za California zinataka wavu wa chuma kisichoshika kutu, wenye macho yasiyozidi milimita 3, au tundu la aina maalumu lililojaribiwa kuzuia vijinga na miali. Wavu wa plastiki haufai kwa sababu huyeyuka. Tofauti ya bei kati ya wavu mbaya na wavu mzuri ni ndogo. Tofauti ya matokeo ni nyumba nzima.

Baada ya matundu huja paa, ambalo linatakiwa kuwa la daraja A, yaani lami yenye nyuzi za kioo, bati la chuma, au vigae vya udongo au saruji. Hapa mpango unaonyesha umakini wake. Haukubali kwamba paa la vigae ni salama kwa sababu tu ni la vigae. Vigae vile vya mviringo, vinavyopendwa sana kusini mwa California, huacha midomo wazi kwenye ukingo wa chini wa paa. Ndege huingia humo na kujenga viota vya nyasi kavu, na kiota hicho kimekaa juu ya mbao tupu. Mkaguzi mzuri hupanda ngazi na kutazama midomo hiyo kama imezibwa. Kisha huja mifereji iliyojaa majani ya misonobari, kuta za mbao zinazoweza kubadilishwa kwa mbao za saruji yenye nyuzi, madirisha ya kioo kimoja ambacho hupasuka kwa joto kabla moto haujafika na ambacho badala yake huwekwa vioo viwili vilivyoimarishwa, na uzio wa mbao uliogusa ukuta wa nyumba. Uzio huo ni hatari kuliko unavyoonekana, kwa sababu huchukua moto kutoka mwisho wa kiwanja na kuuleta hadi mlangoni. Dawa yake ni kuondoa futi 5 za mwisho na kuweka lango la chuma.

Futi 5 hizo, mita moja na nusu hivi, zinarudi tena ardhini. Ukanda wa futi 5 kuzunguka nyumba, ambao California inauita Kanda 0, unatakiwa usiwe na kitu chochote kinachowaka: si matandazo ya maganda ya miti, si kichaka chini ya dirisha, si rundo la kuni, si pipa la plastiki. Mahali pake huwekwa changarawe au saruji. Sheria ya jimbo ya kutaka ukanda huu, AB 3074, ilipitishwa mwaka 2020, na kanuni zake za utekelezaji zilichelewa mno hata Gavana Newsom akalazimika kutoa amri mwezi Februari 2025 ya kuharakisha, baada ya moto wa Palisades na Eaton ulioanza tarehe 7 Januari mwaka huo kuteketeza majengo zaidi ya 16,000 katika kaunti ya Los Angeles. Nimesikia wenye nyumba wakilalamika kwamba Kanda 0 inawaondolea maua ya dirishani. Malalamiko yao nayaelewa, ila siyaungi mkono.

Kuna ushahidi kwamba mambo haya yanafanya kazi. Taasisi ya utafiti ya makampuni ya bima, IBHS, ina maabara huko Richburg, South Carolina, yenye feni 105 zilizopangwa kama ukuta, ambamo nyumba nzima ya ukubwa wa kawaida huwekwa na kupulizwa vijinga vya moto. Katika maonyesho yao hujenga nyumba moja yenye nusu mbili, nusu ya kizamani na nusu iliyoimarishwa, na upepo huohuo wenye vijinga vilevile huiunguza ile ya kwanza na kuiacha ya pili. Maabara ni maabara, atasema mtu. Lakini utafiti uliofanywa Paradise baada ya moto ulipata kwamba kati ya nyumba za familia moja zilizojengwa kabla ya mwaka 1997, kama asilimia 11.5 tu ndizo zilizosalimika, ilhali kwa zile zilizojengwa mwaka 1997 na baadaye kiwango kilikuwa asilimia 38.5. Ukiisoma takwimu hiyo kwa haraka utafurahi. Ukiisoma polepole utaona kwamba hata miongoni mwa nyumba mpya zaidi ya nusu ziliungua, na kwamba ukaribu wa nyumba ya jirani inayowaka ulikuwa na uzito mkubwa. Nyumba iliyoimarishwa katikati ya nyumba zisizoimarishwa inabaki na maadui pande zote.

Waandaaji wa mpango walilielewa jambo hilo, na ndiyo maana hawakutawanya ruzuku jimbo zima, mtu mmoja hapa na mmoja kule. Walichagua maeneo machache yenye hatari kubwa ya moto na wakazi wenye kipato kidogo, wazee, watu wenye ulemavu, au wasio na magari ya kutosha ya kukimbilia, ili nyumba nyingi za mtaa mmoja zitengenezwe pamoja. Maeneo ya majaribio ya mwanzo yalikuwa Dulzura katika kaunti ya San Diego, Whitmore katika kaunti ya Shasta, na Kelseyville Riviera katika kaunti ya Lake. Baadaye kaunti kama El Dorado, Tuolumne na Siskiyou zikaongezwa. Dulzura ni kijiji cha barabara ya 94, karibu na mpaka wa Mexico, na moto wa Harris wa Oktoba 2007, ulioanzia Potrero jirani yake, haujasahaulika huko. Uchaguzi huo ni wa busara. Lakini msomaji anayeishi nje ya maeneo hayo aelewe wazi kwamba hakuna fomu ya kujaza, hata kama nyumba yake iko katikati ya msitu.

Kwa aliyemo ndani ya eneo, utaratibu unakwenda hivi. Anaomba, anathibitisha kwamba nyumba ni yake na kwamba ndimo anamoishi, anaonyesha kipato chake. Mkaguzi aliyefunzwa huja na kuipitia nyumba kuanzia juu ya paa hadi mwisho wa kiwanja, kisha huandikwa orodha ya kazi zote zinazohitajika. Kiasi anachochangia mwenyewe hutegemea kipato chake. Mwenye kipato kidogo sana hubebewa mzigo karibu wote. Baada ya idhini, wakandarasi hutoa makadirio ya bei, kazi hufanyika, na mkaguzi hurudi kuthibitisha. Jambo moja ambalo napenda sana katika utaratibu huu ni kwamba mwenye nyumba haachiwi kuchagua vipande anavyovipenda. Wengi wangechagua paa jipya, kwa sababu linaonekana barabarani na linapandisha bei ya nyumba, kisha wangeacha wavu wa matundu ambao hakuna mgeni atakayeusifia. Mpango unasema: yote au hapana.

Kuhusu kodi, habari ni njema. Malipo ya kupunguza madhara ya majanga yanayotolewa chini ya sheria ya Stafford, yaani sheria ya shirikisho ya misaada ya majanga, hayahesabiwi kuwa mapato katika kodi ya shirikisho.

Sasa foleni. Sheria ilisainiwa mwaka 2019. Mwanzoni mwa mwaka 2025, wakati Altadena na Pacific Palisades, makazi ya kaunti ya Los Angeles yaliyopitiwa na moto ule wa Eaton na Palisades, zinaungua, nyumba zilizokwisha kukamilishwa chini ya mpango huu hazikuwa zimefika hata mia moja, katika jimbo lenye mamilioni ya nyumba zilizo katika maeneo ya hatari. Kiini cha ucheleweshaji huo ni mahali fedha zinapotoka. Sehemu kubwa hutoka FEMA, shirika la shirikisho la kushughulikia majanga, kupitia mfuko wake wa kupunguza hatari, ambao kwa kawaida hulipa hadi asilimia 75 ya gharama na kuliachia jimbo lililobaki. Dola ya shirikisho ikishagusa nyumba, kazi ya kubadilisha paa la bibi mmoja wa Dulzura inageuka kuwa mradi wa shirikisho. Ni lazima ipitiwe kwa sheria ya mazingira iliyoanza kutumika mwaka 1970 na kwa sheria ya kuhifadhi majengo ya kihistoria ya mwaka 1966. Je, nyumba hii kuukuu ina thamani ya kihistoria? Je, kichaka kinachofyekwa ni makazi ya kiumbe kinacholindwa? Katika kaunti ya San Diego swali hilo si la mzaha, kwani yupo kipepeo aitwaye Quino ambaye analindwa na sheria ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Sina ugomvi na sheria hizo. Zimeokoa mito, misitu na majumba mengi. Ninachokiona kuwa kosa la usanifu ni kuzitumia nyumba kwa nyumba juu ya kazi ambazo karibu zote zinafanana: wavu ni uleule, changarawe ni ileile, paa la lami ni lilelile. Jambo la busara lingekuwa kukubaliana mapema juu ya orodha ya kazi zisizo na madhara, zikapita bila kusubiri, na kuacha ukaguzi wa kina kwa nyumba zenye utata wa kweli. Hatua za kuelekea huko zimechukuliwa, lakini kwa mwendo ambao moto haujali kuungoja.

Halafu kuna tatizo la pili, baya zaidi kwa maoni yangu, kwa sababu haliwezi kutatuliwa na mtumishi yeyote mwenye bidii huko Sacramento, makao makuu ya jimbo. Mfuko wa shirikisho hutegemea upepo wa Washington. Mwezi Aprili 2025 FEMA ilitangaza kuufuta mpango wake mkubwa wa kujenga ustahimilivu uitwao BRIC, na mwezi Julai majimbo 20, California likiwemo, yakaenda mahakamani kupinga. Mtu aliyekwisha kukaguliwa nyumba yake, akiwa na orodha mkononi, hawezi kujua kama fedha zitakuwepo msimu ujao. Na ipo kanuni moja inayomfunga zaidi: kwa kawaida FEMA hailipii ujenzi ulioanza kabla ya idhini. Kwa hiyo anayengoja ruzuku ana sababu ya kifedha ya kutogusa paa lake mbovu, mwaka baada ya mwaka. Sijui kama waliotunga kanuni hiyo waliona kwamba, kwa mwenye nyumba wa Kelseyville, inaweza kumwacha katika hatari kubwa zaidi kuliko kama asingeahidiwa kitu.

Ukitaka kuona ruzuku ya aina hii inavyoweza kwenda haraka, tazama Alabama, jimbo ambalo watu hawalitaji mara nyingi kama mfano wa utumishi bora. Alabama haikusumbuliwa na moto bali na vimbunga, na mpango wake wa kuimarisha mapaa ulianza kutoa fedha mwaka 2016: hadi dola 10,000 kwa nyumba, kwa ajili ya paa tu, kwa fedha zinazotokana na ada za sekta ya bima ndani ya jimbo. Hakuna mkono wa Washington ndani yake. Mwenye nyumba anaomba, mkandarasi aliyethibitishwa anaezeka, mkaguzi huru anatoa cheti, na kampuni ya bima inapaswa kisheria kumpunguzia malipo. Maelfu ya nyumba yameezekwa upya. Fedha ni robo ya zile za California, kazi ni sehemu moja tu ya nyumba, na bado kwa hesabu ya watu waliofikiwa hakuna ulinganisho.

California yenyewe inaelekea kulikubali somo hilo. Mwezi Oktoba 2025 Newsom alisaini sheria AB 888, inayoanzisha ruzuku nyingine chini ya idara ya bima ya jimbo kwa ajili ya mapaa yanayohimili moto na ukanda wa futi 5, ikiwalenga wenye kipato cha chini na cha kati. Pia wapiga kura waliidhinisha mwezi Novemba 2024 hatifungani ya dola bilioni 10 ya masuala ya hali ya hewa, ambayo ndani yake dola bilioni 1.5 ni za misitu na moto wa nyika. Fedha za jimbo hazina masharti ya FEMA. Wasiwasi wangu ni kwamba paa na futi 5 bila matundu ya hewa ni kazi yenye tundu ndani yake, kwa maana halisi ya neno hilo; hata hivyo ningechagua nyumba elfu kumi zilizotengenezwa kwa robo tatu kuliko nyumba hamsini zilizokamilika kila kitu.

Ushauri wangu kwa mwenye nyumba aliye nje ya maeneo yaliyochaguliwa ni kuichukua orodha ya mpango huu, ambayo haina siri, na kuifanya yake, akianza na vya bei nafuu. Shirika la Headwaters Economics la Montana, likishirikiana na IBHS, lilikadiria mwaka 2024 kwamba kazi za msingi za kuimarisha nyumba iliyokwisha kujengwa zinaweza kugharimu kati ya dola 2,000 na 15,000, na kwamba anayetaka kila kitu kwa vifaa bora anaweza kupita dola 100,000. Kati ya ncha hizo mbili kuna nafasi kubwa ya mtu mwenye nyundo na Jumamosi chache. Wavu wa chuma wa macho ya milimita 3 unauzwa katika duka lolote la vifaa vya ujenzi, na unaweza kupigiliwa juu ya ule wa zamani, ilimradi ausafishe mara kwa mara maana macho madogo huziba kwa vumbi haraka. Mifereji husafishwa kwa mikono yenye glavu. Matandazo ya maganda hukwanguliwa na kumwagiwa changarawe. Kwa aliye ndani ya eneo la mpango na amekwisha kuomba, kusafisha huko ni matunzo ya kawaida na asikuogope. Kazi kubwa kama paa, kuta na madirisha ndizo asizozianza kabla ya kupata idhini kwa maandishi.

Kabla ya kusaini mkataba na mkandarasi, awe analipiwa au anajilipia, aombe namba ya leseni ya jimbo na aiangalie kwenye bodi ya leseni za wakandarasi. Baada ya kila moto mkubwa hujitokeza mafundi wa kubisha hodi wenye vipeperushi vya kung'aa, na ruzuku huwavuta kama mzoga unavyovuta tai. Pia aulize ni nani atakayerudi kupima kazi ikiisha, kwa sababu fundi anayejua kwamba mkaguzi atapanda ngazi hufunga midomo ya vigae ambayo mwingine angeiacha.

Kisha apige picha za kila kitu, kabla na baada, na ahifadhi risiti. Bima ndiyo inayowabana wenye nyumba wa California leo kuliko moto wenyewe: kampuni ya bima ya State Farm iliacha kupokea wateja wapya wa bima ya nyumba mwezi Mei 2023, na mwezi Machi 2024 ikatangaza kutohuisha mikataba kama 72,000, huku wengi wakisukumwa kwenye FAIR Plan, bima ya wasio na pa kwenda, ambayo ni ghali na inafunika mambo machache. Tangu mwaka 2022 kanuni ya jimbo iitwayo Safer from Wildfires inazilazimisha kampuni za bima kutoa punguzo kwa kila hatua iliyotekelezwa, kuanzia paa na matundu hadi ukanda wa futi 5. Punguzo hilo mara nyingi ni dogo, nalo halimlazimishi mtu yeyote kukuhuishia mkataba, jambo ambalo nalihesabu kuwa upungufu mkubwa wa kanuni yenyewe. Lakini kanuni hiyohiyo inakupa haki ya kuelezwa alama ya hatari ambayo kampuni imeipa nyumba yako, na haki ya kuikatia rufaa kama haijazingatia kazi ulizofanya. Barua ya rufaa iandikwe kwa anwani ya kampuni, itaje namba ya bima, iorodheshe kila kazi na tarehe yake, na iambatanishwe na picha zile: wavu kwa karibu, ukingo wa paa uliozibwa, na ukanda wa changarawe ukiwa na rula iliyolazwa kuonyesha futi 5.